Tangi la samaki lisikorome usiku, wala lisifurike

MALORI yanapotulia usiku Busia na Malaba, sauti ndogo za nyumbani ndizo husikika. Kwa mwenye tangi la samaki sebuleni, mojawapo ni ya bomba linalokoroma kama mtu mwenye mafua. Wengine huchoka, wakazima pampu ili wapate usingizi. Tangi likiwa na samaki wengi, asubuhi huwakuta wanatweta juu ya maji, hewa imewaishia.

Mara nyingi kelele hiyo haitoki kwenye pampu. Katika tangi la aina hii, maji hufurika juu, yakashuka kwa bomba hadi tangi la chini lenye chujio, kisha pampu huyarudisha. Bomba la kushukia likijaa nusu tu, maji huburuta hewa, nayo hewa ikipambana na maji ndipo linapokoroma. Dawa ni kulijaza bomba maji matupu, pasiwe na nafasi ya hewa.

Hapo huhitajika mabomba matatu. La kwanza hufungwa koki na kubeba karibu maji yote. La pili halina koki. Mdomo wake uko juu kidogo, na hupokea maji machache yanayoteleza ukutani mwa bomba bila sauti. La tatu liko juu zaidi, kavu siku zote, likingoja dharura.

Koki ifaayo ni ya kuzungusha, ile mafundi huiita geti valvu, kwa sababu hufunga kidogo kidogo. Ile ya mkono mmoja hufaa kufungua na kufunga, lakini ni vigumu kuipima.

Kuirekebisha kunataka subira. Koki hufunguliwa yote, pampu ikawashwa. Bomba la kwanza litavuta hewa na kupiga kelele. Koki hufungwa robo mzunguko, kisha fundi husubiri dakika chache maji yatulie kabla ya kuigusa tena. Yakianza kutiririka membamba katika bomba la pili, kazi imekwisha. Yakizidi humo, koki hufunguliwa kidogo. Mwisho wa bomba la kwanza uzame kama inchi moja tu katika tangi la chini. Ukizama sana, hewa huchelewa kutoka kila pampu inapowashwa.

Kosa kubwa ni kutafuta ukimya kwa bomba moja lenye koki, bila la akiba. Konokono mmoja au jani moja hutosha kuliziba, na pampu isiyojua lolote huendelea kupandisha maji hadi yafike kwenye zulia.

Kwa hiyo majaribio ni mawili. Kwanza, bomba lenye koki lizibwe makusudi, ionekane kama yaliyobaki yanamudu maji yote. Pili, pampu izimwe, kama umeme unavyokatika. Maji ya juu yatashuka, na tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea. Tundu dogo katika bomba la kurudishia, karibu na uso wa maji, huzuia maji kurudi nyuma yote.

Wafugaji wa kambare na ngege Tororo na Busia wanaijua kanuni hiyo kwa njia ya mabwawa. Wavu wa bomba la kutolea maji ukiziba kwa majani wakati wa masika, bwawa hufurika na samaki huondoka na mafuriko hadi mtoni.

Ziwa Victoria nalo liko jirani, Majanji upande wa Uganda na Sio Port upande wa Kenya. Samaki wake wadogo, fulu kwa Waluo na nkejje kwa Waganda, walipungua mno baada ya sangara kuingizwa miaka ya 1950. Aina nyingi hazionekani tena ziwani, na baadhi huishi katika matangi ya hifadhi za Ulaya na Marekani. Kwa samaki wa namna hiyo, bomba lililoziba usiku mmoja ni hasara isiyolipika.

Koki ikishapata mahali pake, iwekwe alama ya rangi na mizunguko yake ihesabiwe. Mtoto akiichezea, itajulikana ilikuwa wapi.