Butangi Si Mbali: Tamthilia Teule na Malezi ya Raia Kijana

Mtahiniwa wa kidato cha nne aliyeisoma Kigogo ya Pauline Kea aliweza kuyahesabu madhambi ya Majoka pasi na kusita: amelifunga soko la Chapakazi, amewatisha wapinzani wake, ameigeuza Sagamoyo kuwa mali yake. Aliyapanga madhambi hayo hoja kwa hoja, akapata alama zake. Yamkini mtahiniwa huyo huyo hakulijua jina la mwakilishi wa wadi yake, wala hakuwahi kuelezwa kwamba Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Makala hii inalichunguza pengo hilo.

Si kwamba vitabu vimepungukiwa. Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia inamsawiri Mwelusi, kijana wa Butangi anayewazindua wenzake dhidi ya utawala wa Bokono, akafungwa na kuteswa. Katika Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege, wafanyakazi wa Cheneo wanagoma na zahanati haina dawa, ilhali Meya Sosi ameshughulika na mapokezi ya wageni. Nao Tunu na Sudi wa Sagamoyo wanakataa kununuliwa. Tamthilia zote tatu zimewahi kutahiniwa katika shule za upili, na zote zinamweka kijana katikati ya mgogoro wa haki. Ni nadra kuupata mtaala ulioipa elimu ya uraia malighafi bora kuliko hii.

Kasoro imo katika namna ya kufundisha. Maudhui hugawanywa kwa vichwa, uongozi mbaya, usaliti, nafasi ya mwanamke, kisha mwanafunzi akakariri mifano chini ya kila kichwa. Chukua mfano wa Gege. Mwelusi hauawi na askari wa Bokono. Anauawa na Gege, nduguye wa damu, aliyeahidiwa binti ya mtawala. Miongozo humtia Gege chini ya kichwa cha usaliti, ikapita. Lakini hapo ndipo somo zima la uraia lilipojificha. Je, utawala wa Bokono ungedumu kwa siku ngapi iwapo hapangekuwa na vijana wa kuahidiwa? Kuna tofauti gani kati ya ahadi aliyopewa Gege na noti anayotiliwa mkononi kijana wa leo ili akaivuruge mikutano ya mgombeaji mwingine? Darasa linalojadili maswali hayo kwa kipindi kimoja litakuwa limejifunza mengi kuliko lile lililonakili sifa kumi za Gege ubaoni. (Kwa haki, mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mfupi hana budi kuuhofu mtihani.)

Lugha yenyewe ina la kufunza. Neno baraza, kwa Waswahili wa pwani, ni kibao cha mawe nje ya nyumba, mahali ambapo jirani huketi, husema na kujibiwa. Utawala wa kikoloni ulilichukua neno hilo ukalipa mkutano wa chifu, ambako aghalabu mmoja alisema na wengine wakasikiliza. Muundo wa baraza ukageuka, jina likabaki. Sasa Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kuwezesha ushiriki wa umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatambua elimu ya uraia kuwa wajibu wa kaunti. Hata hivyo, vikao vingi vya ushirikishi bado vinafuata desturi ya baraza la chifu. Mwanafunzi wa isimu aliyefunzwa upanuzi wa maana anayo nyenzo ya kulieleza jambo hili, ingawa ni wachache wanaoombwa walieleze.

Kwamba vijana huweza kujifunza uraia kupitia Kiswahili si dhana tupu. Mwaka 1968, Abdilatif Abdalla, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka uliouliza, kwa Kiswahili, Kenya inaelekea wapi. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Miongo mitano na ushei baadaye, Mswada wa Fedha wa 2024 uliletwa Bungeni kwa Kiingereza cha wanasheria. Vijana walivifafanua vifungu vyake kwa Kiswahili, Sheng' na lugha za mama, wakazisambaza video zao mitandaoni. Wakaandamana. Baadhi yao waliuawa tarehe 25 Juni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kazi ile ya kufafanua ilikuwa tafsiri kwa maana kamili ya taaluma, na waliofanya hivyo hawakungoja shahada.

Basi darasa lianzie wapi? Pengine katika utungaji. Mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa barua rasmi, ripoti, hotuba na kumbukumbu za mkutano. Kumbukumbu hizo karibu kila mara huwa za chama cha kubuni, chenye ajenda za kubuni. Hakuna kinachomzuia mwalimu kumtuma mwanafunzi kwenye kikao halisi cha bajeti ya kaunti akarejea na kumbukumbu zake: nani alisema, nani alinyimwa nafasi, swali lipi halikujibiwa. Vilevile, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge kulitaka litunge, lirekebishe au lifute sheria. Hiyo ni barua rasmi, na mada zake hazina uhaba: daraja lililobebwa na mafuriko, karo, maji.

Ugumu utatokea mapema, katika neno la kwanza. Vyombo vya habari aghalabu huiita hati hiyo ombi, nalo ombi humpigisha magoti mwandishi wake kabla hajafikia hoja. Darasa litalazimika kuamua iwapo barua ianze kwa "tunaomba" au kwa "tunataka", na kila upande utetee chaguo lake.