Seva inaandika pole pole: tupime kwanza, tununue nyuma

Ndugu wachimbaji, na ba mama wa nyumbani,

Karatasi ya mushahara ikipotea, nani anapoteza? Haiko mukubwa wa kazi. Ni mufanyakazi, siku anafika miaka ya pensheni na hana kitu cha kuonyesha kwa CNSS. Juu ya ile, sisi watu wa sendika tulianza kupiga picha za karatasi zetu: mikataba ya kazi, karatasi za mushahara, matangazo ya aksida, vyeti vya munganga. Tunaziweka ndani ya seva. Usiogope jina: ni ordinatere ya zamani yenye disiki moja kubwa, iko kwa nyumba ya ndugu mumoja.

Siku ya Mungu moja tulikuwa na giga 40 za kuingiza. Ndani yake mulikuwa dosie ya mujane mumoja, bwana yake alikufa kwa kazi. Mashini ikaanza kuandika mega 11 kwa sekunde. Kazi ya dakika 6 ikawa ya saa moja nzima. Mutu mumoja akasema: "Disiki imechoka, tutoe feza ya kasha, tununue ingine." Tukakataa. Feza ya kasha ni jasho ya watu. Mbele ya kuitoa, tupime.

Njia ya kupima ni kama kwa pompo ya maji kule chini: usifungue moteri kama haujaangalia bomba. Karatasi inapita sehemu mbili, kebo kwanza, disiki nyuma. Tupime moja moja.

Mega 11 au 12 ni alama ya kebo. Kebo ya kisasa iko na nyuzi 8 ndani, na inapitisha karibu mega 110. Uzi mumoja ukikatika, mara nyingi mashini inarudia mwendo wa zamani, ule hauwezi kupita mega 12. Tulifuata kebo: mulango ulikuwa unaifinya kila siku. Tukaweka ingine ya bei ndogo. Mega 105!

Furaha haikukawia. Kisha dakika chache ikaanguka mega 7, ikasimama, ikaanza tena. Kumbe wagonjwa walikuwa wawili. Sasa tukapima disiki peke yake, bila kebo: ndani ya seva tukaandika faili ya giga 10. Iwe kubwa kupita memori ya mashini (yetu ni giga 4), kama sivyo memori itakudanganya. Mwendo ukabakia mubaya. Tukauliza programu smartctl, ile inasoma afya ya disiki. Ikaonyesha sehemu mingi zinazokataa kusomwa.

Hapo hatukujaribu dawa ingine. Disiki ya namna ile, kila saa inaweza kufa. Tulitoa kwanza karatasi zote, tukaziweka kwa disiki ya inje, njo tukaenda kununua.

Kwa soko, muangalie tena: kuko disiki zinazoandika mistari juu ya mistari, sawa mabati ya paa. Mianzo zinakimbia, ukiweka vitu vingi zinalegea, hata kama ni mupya. Kwa lugha ya wauzaji ni SMR. Mwaka 2020 makampuni makubwa yalikubali kwamba yaliuza zingine bila kuandika ile alama. Kwa kuweka kopi ya akiba zinafaa. Kwa kazi ya kila siku, muombe CMR.

Umeme ukikatika wakati disiki inaandika, faili inaweza kuharibika. Ondilere ndogo inakupa dakika za kuzima vizuri. Na kopi ya pili ikae nyumba ingine: mwizi na moto hawachague.

Dosie ya mujane iko nzima. Tuliichapa siku ya kwanza ya juma, akaipeleka mwenyewe. Ba ndugu, mulete karatasi zenu kungali mapema.