Mbegu Nyingi Dukani

Umepata kwenda kununua mbegu za mahindi, ukakuta pakiti za kila namna, ukarudi mikono mitupu na mvua i karibu? Usijione mjinga. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walieleza habari za duka moja la California, Marekani. Zilipowekwa mezani jamu za namna 24, wengi walisimama, lakini katika kila 100 walinunua 3 tu. Zilipowekwa namna 6, walinunua 30. (Wengine waliojaribu baadaye hawakuona hivyo kila mara, ajuaye atakacho hasumbuki sana.) Basi kabla hujaondoka nyumbani, ulizana na mama watoto: shamba letu hupata mvua miezi mingapi? Dukani uliza mbegu zinazokomaa kwa miezi hiyo tu.