Siku Ngumu Kabla ya Hedhi: Nafuu Bila Vidonge vya Kupanga Uzazi

Leo tunaongea juu ya jambo ambalo akina mama na akina dada wengi wa Kibera na Kawangware wanalijua mwilini lakini hawajui linaitwaje. Ni zile siku kabla ya hedhi ambapo mwili na akili hubadilika. Baba, usizime redio. Mada hii ni yako pia.

Swali linaloletwa kliniki ni hili: "Sista, siku zangu zikikaribia ninakuwa mtu mwingine. Nimeambiwa nimeze vidonge vya kupanga uzazi, lakini sivitaki. Je, kuna njia nyingine?" Jibu ni ndiyo, ipo. Lakini njia hiyo haianzi na dawa. Inaanza na kalamu na kalenda, na leo nitakueleza kwa nini.

Hali hii ni nini?

Wanawake wengi huona mabadiliko madogo kabla ya hedhi. Matiti huuma kidogo, tumbo hujaa, chunusi hutoka, hamu ya vitu vitamu huongezeka. Hiyo ni kawaida na haihitaji matibabu.

Lakini wako wengine ambao huteseka. Hasira huwaka kwa jambo dogo. Machozi hutoka bila sababu. Usingizi hupotea, au mtu analala mchana kutwa. Moyo unakuwa mzito, akili haitulii, na viungo vinauma. Tuseme mama anafua nguo za watu kule Lavington au Kileleshwa. Kila mwezi, wiki moja kabla ya hedhi, anakosana na mwajiri au anashindwa kuamka. Baada ya miezi michache kibarua kimeisha. Nyumbani amewachapa watoto kwa kosa la kumwaga maji, kisha usiku analia kwa majuto. Hedhi ikifika, baada ya siku chache anarudi kuwa mtu mzuri, na majirani wanasema ana mapepo au ana tabia mbaya.

Hana mapepo. Mwaka 1953 madaktari wawili wa Uingereza, Katharina Dalton na Raymond Greene, waliandika juu ya hali hii katika jarida la madaktari wa nchi yao. Aina yake kali zaidi, ile inayovunja kazi na nyumba, huwapata wanawake wachache, chini ya 10 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Kwa hivyo ni ugonjwa unaotambulika, na una matibabu.

Kwa nini inatokea?

Yai hutoka katika ovari takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Baada ya hapo homoni mbili, estrojeni na projesteroni, hupanda, kisha hushuka ghafla hedhi inapokaribia. Wanawake wote hupitia mabadiliko hayo. Tofauti ni kwamba ubongo wa baadhi yao huyasikia kwa ukali zaidi. Kemikali ya ubongo inayoitwa serotonini, ambayo husaidia kutuliza moyo na kuleta usingizi, huvurugika katika siku hizo.

Hapa kuna jambo la kukuokolea pesa. Mwanamke mwenye shida hii kwa kawaida ana kiwango sawa cha homoni na mwenzake asiye nayo. Kwa hivyo kipimo cha damu cha homoni hakiwezi kukuonyesha kama unayo. Usiuze jiko lako ili ulipie maabara.

Kwa nini mtu akatae vidonge?

Sababu ni nyingi na nyingine ni za maana kabisa. Kuna anayetafuta mtoto. Kuna mwenye shinikizo la damu, au anayeumwa na kichwa cha upande mmoja huku akiona vimulimuli machoni. Hao hawafai kutumia vidonge vya kawaida vyenye estrojeni. Kuna anayenyonyesha mtoto mchanga. Kuna anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, ambazo hupunguza nguvu ya vidonge. Na kuna aliyejaribu akaona moyo wake unazidi kuwa mzito. Vidonge huwasaidia wengine, lakini si wote.

Onyo moja tu: ukiacha vidonge, kinga ya mimba inaisha pia. Kama hutaki mimba kwa sasa, muulize muuguzi juu ya koili ya shaba, ambayo haina homoni, au tumia kondomu.

Kalenda ndiyo kipimo

Chukua kalenda ya ukutani, ile inayotolewa dukani mwisho wa mwaka, au daftari la watoto. Kila jioni kabla ya kulala, andika namba moja kwenye tarehe ya siku hiyo. Andika 0 kama ulikuwa sawa, 1 kama ulisumbuka kidogo, 2 kama ulisumbuka sana lakini ukafanya kazi zako, na 3 kama ulishindwa na kazi au ulikosana na watu. Siku za damu, andika herufi H kando ya namba. Kama hutaki watu wa nyumbani wajue, andika kwenye simu. Fanya hivyo kwa miezi miwili bila kuruka. Usingoje mwezi uishe ndipo ukumbuke, kwa sababu kumbukumbu hudanganya.

Baada ya miezi miwili, itazame. Utaona moja kati ya mambo haya matatu.

Kwanza, namba 2 na 3 ziko katika wiki moja au mbili kabla ya H, kisha zinaisha siku chache baada ya damu kuanza, na unapata angalau wiki moja safi. Hiyo ndiyo shida tunayoizungumzia.

Pili, namba kubwa zimetapakaa mwezi mzima, labda zikizidi kabla ya hedhi. Hapo huenda tatizo ni lingine, kama ugonjwa wa huzuni, upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo. Nenda kituo cha afya ukachunguzwe.

Tatu, moyo uko sawa, lakini maumivu makali ya tumbo huanza pamoja na damu. Hayo ni maumivu ya hedhi, na matibabu yake ni tofauti. Yakizidi kila mwezi, au yakikuuma pia wakati wa tendo la ndoa, mwone daktari.

Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza. Dalili za mwanzo za mimba hufanana na hizi.

Unachoweza kuanza nyumbani

Chakula. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa karibu wanawake 500. Nusu walipewa miligramu 1200 za kalsiamu kila siku, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Kufikia mwezi wa tatu, dalili za waliopata kalsiamu zilipungua kwa karibu nusu. Wale wengine walipata nafuu pia, lakini kwa asilimia 30. Kwa hivyo kalsiamu si muujiza, lakini inasaidia, na tunayo hapa kwetu. Maziwa ya nusu lita yana kama miligramu 600, yaani nusu ya kiasi hicho. Omena, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, ina kalsiamu nyingi. Mboga kama sukuma wiki na terere huongeza pia. Usipike mboga hadi zigeuke rangi ukamwaga maji yake. Ukinunua vidonge vya kalsiamu, usivimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu kalsiamu huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Kama umewahi kuwa na mawe ya figo, uliza kwanza.

Usikae na njaa. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa tatu au nne: githeri, viazi vitamu, ndizi, ugali na ndengu. Njaa huongeza hasira. Katika siku hizo punguza chumvi, smokie na chipsi zenye chumvi nyingi ili mwili usijae maji. Punguza pia chai kali, miraa na pombe. Pombe hutuliza kwa saa moja, kisha hukurudishia huzuni mara mbili.

Mwili. Kutembea haraka nusu saa, siku nyingi za wiki, huinua moyo na kupunguza maumivu. Kama unauza kibandani na kukaa siku nzima, hili ni lako. Lakini kama unatembea kutoka Kibera hadi Industrial Area kila asubuhi, mazoezi unayo tayari. Wewe unahitaji kulala. Jaribu kulala saa ile ile kila usiku.

Mpango. Kalenda ikishakuonyesha siku zako ngumu, ziheshimu. Siku ya kufua mablanketi, mkutano mkali wa chama, au mazungumzo ya deni na mwenye nyumba, iweke wiki nyingine kama unaweza. Mwombe dada au jirani unayemwamini akae na watoto saa moja ukihisi hasira inapanda.

Dawa za dukani

Ibuprofen hupunguza maumivu ya kichwa, mgongo na viungo. Imeze baada ya kula. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au mimba. Haitibu hasira wala huzuni. Ukiumwa na tumbo, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso husaidia pia.

Vitamini B6 huwasaidia baadhi ya wanawake, na iko katika maharagwe, viazi na ndizi. Ukinunua vidonge, soma kibandiko na usizidishe. Kutumia nyingi kwa muda mrefu huharibu neva, na mikono na miguu hufa ganzi.

Usinunue dawa za usingizi wala dawa za kukojoza maji bila kuandikiwa. Za usingizi hugeuka kuwa mazoea haraka sana.

Hatua ya hospitali

Kama umefuata hayo kwa miezi miwili au mitatu na kalenda bado ina namba 3 nyingi, au kama hali ni mbaya tangu mwanzo, nenda hospitali na kalenda yako mkononi. Kibera iko karibu na Hospitali ya Mbagathi. Kawangware iko karibu na Kituo cha Afya cha Riruta. Unaweza pia kuanza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, akuelekeze.

Kuna matibabu mawili yanayojulikana vizuri. La kwanza ni ushauri wa mtaalamu, anayekufundisha kuyatambua mawazo mabaya na kuyajibu. La pili ni dawa zinazoongeza kazi ya serotonini, kama fluoxetine. Marekani iliiidhinisha kwa aina kali ya shida hii mwaka 2000. Kwa mgonjwa wa huzuni dawa hii huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, lakini kwa shida hii huweza kuleta nafuu ndani ya siku chache. Ndiyo maana wengine huimeza katika wiki mbili za mwisho tu kabla ya hedhi. Inaweza kuleta kichefuchefu, kuvuruga usingizi au kupunguza hamu ya ndoa. Lazima iandikwe na daktari. Mwambie kama una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa nyingine, au umewahi kupatwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Kuandikiwa dawa hii si kuitwa mwendawazimu.

Sasa sikiliza sana hapa. Ukiwaza kujiua, au kumdhuru mtoto wako, usingoje miezi miwili ya kalenda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na mtu unayemwamini, au piga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Wengi walikuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ya zamani ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sema. Utasaidiwa.

Neno kwa baba

Baba, kalenda hii ni ya matibabu, si ya ugomvi. Usimwambie mkeo "hizo ni hedhi zako zinaongea" kila anapouliza pesa za unga. Huenda ana hedhi, na unga pia umeisha. Katika siku zake ngumu, chota maji, ogesha watoto, punguza maneno. Na wewe mama, kama unalia kwa sababu unapigwa, tatizo si homoni zako. Simu ya bure ya kusaidia wanaodhulumiwa kijinsia ni 1195.

Mambo ya kukumbuka

Andika kila jioni kwa miezi miwili. Kula mara kwa mara na uongeze kalsiamu. Tembea, lala, na upange siku zako. Ukishindwa, peleka kalenda hospitali. Ukiwaza kifo, nenda leo.

Miezi miwili inaonekana mirefu, lakini wengine mmevumilia miaka kumi. Anza jioni hii, hata kama namba ya leo ni 0.