Nyani Hupataje Protini?

Katika nchi kavu ya Ruaha Mbuyuni, kando ya Mto Ruaha Mkuu, nyani wa manjano hutumia sehemu kubwa ya mchana akitafuta chakula. Kama dubu wa nchi za kaskazini, yeye hula mimea na wanyama. Lakini ilhali dubu wa Alaska hunasa samaki wanono wanaopanda mito, nyani hukusanya protini yake kidogo kidogo.

Ubuyu ni mfano mzuri. Unga wake mchachu una sukari na vitamini C, bali protini yake ni haba. Iliyo nyingi imo ndani ya mbegu, ambazo nyani huzisaga kwa magego yake. Mbegu za migunga, majani machanga, panzi, na mara nyingine sungura au mtoto wa swala, hukamilisha mlo.

Miti hiyo ikikatwa, nyani hupungukiwa na vyakula vya kujenga mwili, naye huvutwa zaidi na mashamba. Mkate utupwao na abiria hauzibi pengo hilo: humpa wanga na kumzoesha barabara yenye magari. Kwa hiyo, kuitunza miti ya porini ni sehemu ya kulinda mahindi ya mkulima.