Nani Anajua Kama Umelala?

Haya wanangu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nawapeleka thieta, chumba ambamo mtu hupasuliwa kifua, moyo wake ukasimamishwa, ukashonwa, ukaanzishwa tena, naye asijue lolote. Swali langu ni moja tu: hao waliomzunguka wanajuaje kwamba hajui?

"Si amelala!" mtasema. Hapana. Aliyelala ukimfinya anaruka. Aliyepigwa nusu kaputi, mfupa wa kifua unapitiwa na msumeno na hafumbui jicho. Huo si usingizi wa kitandani, na kutulia kwake, kama mtakavyoona, si ushahidi wa kitu.

Zamani ushahidi ulikuwa wazi: ambaye dawa haijamkolea alipiga kelele. Mwaka 1845 daktari wa meno Horace Wells alisimama mbele ya wanafunzi wa udaktari mjini Boston, Marekani, akamvutisha mtu gesi na kumng'oa jino. Mtu akapiga ukelele, wanafunzi wakamzomea Wells hadi akaondoka na aibu yake. Tarehe 16 Oktoba 1846 mwenzake wa zamani, William Morton, alisimama katika mji uleule na etha. Safari hii kijana mmoja alipasuliwa uvimbe shingoni na ukelele haukusikika. Habari ikaenea dunia nzima. Lakini wasimuliaji wengi huruka kipande kimoja: kijana alipozinduka alisema hakuona maumivu, ila alijua kwamba anapasuliwa. Yaani siku ileile ya ushindi, mtu alikuwa ametulia kimya na akili iko macho.

Kwa karibu miaka mia madaktari waliusoma mwili tu: pumzi zinavyokwenda, mboni za macho zinavyotanuka, misuli inavyolegea. Mgonjwa akijikunja, wanaongeza dawa. Ndipo tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson wakamchoma mgonjwa dawa iliyotokana na kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini hupaka mishale yao. Kurare inalegeza kila msuli unaotumwa na akili. Daktari wa upasuaji anafurahi, maana tumbo linakuwa laini na mgonjwa hatikisiki. Ila sasa mgonjwa hana tena njia ya kujikunja.

Wapo waliodhani kurare yenyewe inalaza. Daktari mmoja wa usingizi huko Utah, Scott Smith, akaamua kujua kwa mwili wake. Alijilaza, akachomwa dawa hiyo peke yake bila ya usingizi, wenzake wakawa wanamsaidia kupumua kwa mkono. Walimuuliza maswali, naye akajibu kwa ishara ndogo za uso, mpaka hata hizo zikagoma. Ukimtazama ungesema huyu kazimia. Dawa ilipoisha nguvu, aliwasimulia waliyosema na waliyomfanyia akiwa kama gogo. Hakupoteza fahamu hata kidogo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1947, na mimi kila nikiisoma nashangaa moyo wa mtu yule.

Sasa tuje kwenye moyo. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, John Gibbon alimpasua msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26. Leo hata watoto wenye matundu kwenye moyo wanaopasuliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupitia mashine ya namna hiyo. Ni neema kubwa, lakini kwa daktari wa usingizi ni mtihani, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza, moyo mgonjwa hauvumilii dawa nyingi. Ukimzidishia mgonjwa, presha inaporomoka. Pili, damu ikiingia kwenye mipira ya mashine inachanganyika na maji ya dawa yaliyomo humo, na dawa ya usingizi iliyokuwa kwenye damu inazimuliwa. Tatu, mapafu yamepumzishwa, kwa hiyo gesi ya usingizi haina pa kupita isipokuwa ipitishwe kwenye mashine yenyewe. Halafu mwili mara nyingi hupozwa ili upunguze mahitaji, na mwisho unapashwa joto tena. Ubongo ukipata joto, unaanza kuamka. Zile dalili tulizozoea nazo zimetoweka. Mapigo ya moyo hayapo kwa sababu umesimamishwa. Presha inaendeshwa na pampu. Misuli imelegezwa.

Ndiyo maana watu wakageukia ubongo wenyewe. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alikuwa amenasa umeme wa ubongo wa binadamu tangu mwaka 1924 kwa vipande vya chuma vilivyoshikizwa kichwani. Mfikirie ubongo ni darasa, nanyi mko nje ya mlango. Mwalimu hayupo, kila mtoto anasema lake: inasikika vurumai ya haraka, ndogondogo. Hivyo ndivyo ubongo ulio macho. Darasa zima likianza kuimba jedwali kwa pamoja, sauti inakuwa kubwa na ya polepole. Hivyo ndivyo ubongo uliozama katika dawa.

Miaka ya 1990 kikaja kifaa kinachobandikwa kwenye paji la uso, kikageuza mawimbi hayo ya umeme kuwa namba moja. 100 ni macho kabisa, 0 ni ubongo usiotoa wimbi lolote. Kwa upasuaji hutakiwa kati ya 40 na 60. Watu wakapumua: sasa tunaona!

Wakaona, lakini si yote. Ketamini, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, inaweza kuipandisha namba ingawa mgonjwa hana fahamu. Na mwaka 2015 huko Australia watu 10 walijitolea kama Scott Smith: walilegezwa misuli wakiwa macho kabisa. Namba zao zikashuka hadi kiwango cha mtu anayepasuliwa, nao wanasikia kila kitu.

Utafiti mkubwa ulifanyika St. Louis, Chicago na Winnipeg kwa wagonjwa karibu 6,000 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuzinduka katikati ya upasuaji, wakiwemo wa moyo. Nusu walilindwa kwa namba ya kichwani, nusu kwa kupima gesi ya usingizi katika pumzi, kengele ikilia gesi ikipungua. Matokeo ya mwaka 2011: waliozinduka bila shaka walikuwa 7 upande wa namba, 2 upande wa gesi. Kwangu mimi hiyo haimaanishi kifaa kitupwe. Dawa zikipitia dripu tu, hakuna gesi ya kupima, na wakati mapafu yamepumzishwa pumzi haikwambii kitu. Hapo namba ina kazi yake, mradi mwenye kuisoma anajua udhaifu wake.

Njia niipendayo zaidi ni ya Michael Tunstall wa Scotland, mwaka 1977. Kabla ya kumlegeza mama anayezalishwa kwa upasuaji, alimfunga mkononi kitambaa cha kupimia presha, akakijaza hewa ili dawa ya kulegeza isifike kiganjani. Mwili wote ukawa gogo, mkono mmoja ukabaki na uwezo wake. Kisha akamwambia, "Kama unanisikia, nibane kidole." Katika utafiti uliotumia njia hiyo, uliochapishwa 2017, wagonjwa 12 kati ya 260 walibana. Baadaye hakuna aliyekumbuka.

Msiogope. Uchunguzi wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2014 ulihesabu waliolalamika wenyewe kwamba walizinduka: mmoja kati ya kama 8,600 kwa upasuaji wa moyo na kifua. Lakini wagonjwa wakiulizwa mmoja mmoja, tafiti nyingine hupata hata mmoja au wawili kati ya 1,000. Wengi hunyamaza, wakidhani waliota au wataonekana wamechanganyikiwa.

Kwa hiyo siku mkilazwa nyinyi, au bibi yenu, mwambieni daktari wa usingizi dawa zote mnazotumia na kama mtu aliwahi kuzinduka katikati ya upasuaji. Na mkiamka mkikumbuka sauti, au mkono, au maneno ya mtu, semeni siku hiyohiyo, tena mseme yote.