Dosari Iliyojificha Ndani ya Kioo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu hutengeneza vibao vya kutundika ukutani, ambavyo juu yake jina la Mwenyezi Mungu huandikwa kwa vipande vya kioo cha rangi vilivyounganishwa kwa moto. Alimuuzia jirani yake kibao kilichoonekana kizima, na siku ya tatu kikapasuka pasi na kuguswa na mtu. Akatuuliza: je, fedha alizopokea ni halali yake? Ili kumjibu, ilitulazimu kwanza tuielewe kazi yenyewe.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Taa za misikiti za Misri na Sham katika zama za Mamluki zilipambwa kwa unga wa kioo cha rangi, zikarudishwa tanurini hadi unga ukashikana na taa; na nyingi kati ya hizo ziliandikwa Aya ya Nuru.

Siku hizi hutumika tanuri dogo la umeme. Kioo huchorwa mstari mmoja kwa kikatio, miwani ya kinga ikiwa machoni, kisha huvunjwa kwenye mstari huo. Vipande huoshwa na kukaushwa vyema, kwani alama ya kidole chenye mafuta huacha ukungu baada ya moto. Kibao cha ndani ya tanuri hupakwa uji wa udongo mweupe wa kaolini ili kioo kisigandane nacho. Tabaka mbili za milimita 3 hulihifadhi umbo, kwa kuwa kioo kilichoyeyuka hutulia kwenye unene wa milimita 6 hivi. Kwenye nyuzi 800 hivi za selsiasi, vioo vya sanaa huwa kitu kimoja.

Hapo ndipo dosari hujificha, nayo ina milango miwili. Wa kwanza ni kuchanganya vioo visivyolingana. Kila kioo kina kiasi chake cha kutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Ndiyo maana vioo vya sanaa huuzwa kwa namba, mathalan 90 na 96. Ukivichanganya vitashikana motoni, lakini vikipoa vitavutana daima. Chupa nazo hutofautiana. Lililo salama ni kutumia vipande vya chupa ile ile moja.

Mlango wa pili ni haraka. Kioo hakina budi kukaa kwa muda katika joto la kukituliza, kama nyuzi 480 hadi 515 kwa vioo vya sanaa na karibu na 550 kwa kioo cha dirisha, kisha kishushwe polepole, tanuri likiwa limefungwa. Kadiri kioo kinavyozidi unene, ndivyo subira inavyozidi kutakiwa.

Dosari hii jicho haliioni, lakini inapimika. Chukua vichujio viwili vya nuru vya poleraizi, vilivyomo katika baadhi ya miwani ya jua. Zungusha kimoja juu ya kingine mpaka pawe giza, kisha weka kioo katikati. Mwanga ukijitokeza pembezoni mwa kiungo, mna mvutano ndani.

Kutundika nako kuna adabu yake. Tundu litobolewe kwa kekee ya almasi huku likimiminiwa maji. Weka mpira baina ya kioo na chuma, wala usikaze sana. Pwani yetu ina chumvi hewani, basi tumia chuma kisichoshika kutu. Na kuta zetu za mawe ya matumbawe humomonyoka. Msumari mtupu usiaminiwe kubeba jina tukufu juu ya kitanda cha mtoto.

Tulimuuliza mama yule maswali mawili. Alikiri kuwa alichanganya kioo cha dirisha na kipande cha chupa, na kuwa alilifungua tanuri usiku ule ule kwa hamu ya kukiona. Jirani naye alikitundika kwa uzi uliolegea, hakukosea.

Basi jawabu letu, kwa madhehebu ya Imam Shafii, ni kuwa mnunuzi ana hiari ya kudai haki yake kwa dosari iliyotangulia kabla hajakabidhiwa, hata kama athari yake ilidhihiri baadaye. Mama hana dhambi, kwa kuwa hakujua. Lakini fedha hizo azirejeshe. Na baada ya leo, asiyepima ilhali anajua, asiseme hakujua. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wakauona.

Mwenyezi Mungu atubarikie chumo la mikono yetu, na alisafishe. Wallahu aalam.